Mita Ishirini na Mbili

Mama alipovunjika nyonga, daktari alisema asipandishwe ngazi. Nyumba yetu ya Ruhuwiko ina ngazi nne kutoka uani hadi mlango wa nyuma. Nilizihesabu nikipanda, nikazihesabu tena nikishuka, zikabaki nne. Kwa hiyo Mama akahamia chumba cha uani, kile nilichokuwa naweka magunia yangu ya maharage, na televisheni ikabaki sebuleni. Chumba tulikisafisha, tukakipaka chokaa, lakini hadi leo ukivuta pumzi vizuri utajua maharage yalilala humo.

Mama hakulalamikia harufu. Hata nyonga hakuilalamikia. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa siku ya mtoto nitaonea wapi?"

Mtoto ni kitinda mimba wetu, mwanaume mwenye ndevu, ambaye mwezi wa saba alikuwa anapewa upadre mkoa wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Misa ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye chaneli ya dini. Mama alishakubali kwamba hatasafiri. Kwaya hakuitaka, wala keki, wala hotuba za wageni. Alitaka kuona askofu akimwekea mwanawe mikono kichwani.

"Nikishaona mikono," alisema, "mengine mtanisimulia."

Nikaahidi. Mimi nikiahidi natimiza, ila kwanza naulizia bei.

Fundi niliyemwita nilisoma naye darasa moja shule ya msingi. Alikaa nyuma yangu miaka saba akinakili hesabu zangu, kwa hiyo nilijua hata hesabu zake zikikosewa zitakuwa zimekosewa kwa namna ninayoifahamu. Nikamwambia avute waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi hadi chumba cha uani.

"Mita ngapi?"

"Thelathini na saba. Nikarudia, zikawa thelathini na nane."

"HDMI ikizidi mita kumi na tano inachoka, dada. Picha inafika imechanikachanika. Tutumie kebo ya intaneti."

"Sina intaneti."

"Huhitaji intaneti. Unahitaji kebo yake tu."

Nilimtazama kama mkulima wa Mpitimbi anavyonitazama nikimwambia kwamba lumbesa, gunia lililojazwa hadi likaota kichwa, ni gunia la kawaida. Akanifafanulia taratibu. Kuna viboksi viwili, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni. Kimoja kinakaa nyuma ya king'amuzi, kinaimeza picha na kuituma vipande vipande kwenye kebo. Cha pili kinakaa kwa Mama, kinaviunga vipande na kumpa picha nzima. Kinakuja pia na kijicho kwenye waya mwembamba, ili Mama akibonyeza rimoti kitandani, king'amuzi sebuleni kisikie. Akanichania ncha ya kebo nione: nyaya ndogo nane, zimesokotwa mbilimbili, kila moja na rangi yake. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena.

Nikampa masharti. Kebo iwe moja, isiwe na kiungo hata kimoja kati ya sebule na chumba cha Mama. Kebo hizo zimeandikwa namba kila mita, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Akakubali bila ubishi. Kisha akasema tununue mita sitini.

"Thelathini na nane na sitini zinajuana vipi?"

"Kona, dada. Kona zinakula waya."

Nikamshusha hadi hamsini. Akapanda tena sitini. Nikashuka hadi arobaini na tano kwa kumtisha, hakutishika. Huyu ni mtu niliyezoea kumshusha tangu darasa la tatu, siku hiyo hakushuka hata mita moja. Pale ndipo nilipopaswa kushtuka. Badala yake nilijiambia amekua.

Duka likakata kutoka namba 201 hadi namba 261. Nikaandika kwenye daftari la maharage.

Siku ya kuvuta kebo nilikuwa Mpitimbi kununua mzigo. Niliporudi alasiri nikakuta kazi imekwisha na fundi anakunywa chai na Mama. Picha ilikuwa safi, unahesabu nyuzi za vazi la msomaji wa habari. Nikaifuata kebo kwa macho kutoka sebuleni, juu ya dari, chini ya mapaa ya uani, hadi inapoingilia chumbani. Haikuwa na kiungo. Inapoishia nikasoma namba: 239. Mita thelathini na nane kamili. Hapo mwisho palikuwa na kiboksi kingine cha taa za kijani, kimesukumwa nyuma ya kabati na kufunikwa kitenge.

"Hicho nini?"

"Kiongeza nguvu," alisema fundi.

"Na mita ishirini na mbili ziko wapi?"

"Zimeliwa."

"Na nani?"

"Kona."

"Kona ziko sita."

"Ni kona zenye njaa, dada."

Mama akaingilia. "We mtoto, mwache mwenzio anywe chai. Na kabati hilo msilisogeze, likisogezwa nyonga yangu inasikia."

Nyonga inasikiaje kabati? Lakini alikuwa Mama, na picha ilikuwa inaonekana. Nikaliacha.

Hapa lazima nimtaje kaka. Kaka ndiye mkubwa wetu, amejenga ng'ambo ya ukuta, kwenye kiwanja hicho hicho cha marehemu baba. Ana mabinti wanne, wote wameshaolewa. Kitinda mimba aliposema anataka upadre, kaka alisimama kwenye kikao cha ukoo akauliza jina la baba litabebwa na nani. Hakujibiwa kwa namna aliyoitaka. Akasema mbele ya watu wote, "Siku hiyo mimi sitaiona kwa macho yangu." Maneno ya mkubwa kwenye kikao hayarudishwi kirahisi. Tangu hapo akawa anamsalimia Mama kupitia dirisha la nyuma, na mimi ananisalimia tukikutana dukani, kama mteja. Alipoona fundi anapita na boksi la kebo aliniambia, "Picha ipite kwenye waya wa intaneti? Umeliwa." Nikamjibu kwamba nikiliwa angalau nitajua mita ngapi.

Wiki za mwanzo zilikuwa za raha. King'amuzi ni kimoja, kwa hiyo alichoangalia Mama uani ndicho nilichoangalia mimi sebuleni. Niko katikati ya tamthilia, binti anataka kumwambia mchumba ukweli, ghafla inaingia rozari.

"Mama!" napiga kelele kupitia dirishani.

"Nimeona yako haina adabu," anajibu.

Tukapatana. Rozari yake, tamthilia yangu, habari ya wote.

Ila zilitokea hitilafu. Mama yuko kwenye rozari, inaruka yenyewe kwenda mieleka. Nikimuuliza, anasema ameikalia rimoti. Mara ya pili inaruka kwenda mpira. Ameikalia tena. Mara ya tatu nilikuwa chumbani humo humo, rimoti iko juu ya stuli, hakuna aliyeikalia. Nikampigia fundi.

"Umeme tuli," alisema. "Baridi hii ya Songea ikikaza, kebo inajaa umeme tuli. Hata blanketi la Mama si linatoa cheche?"

Ni kweli blanketi lilikuwa linatoa cheche. Mama akadakia kutoka kitandani, "Ndiyo, umeme wa fundi huo." Nikaona mgonjwa na fundi wanakubaliana, mimi ni nani.

Siku yenyewe ikafika. Shangazi na wifi, yaani mke wa kaka, walishapanda basi na wenzao tangu juzi yake. Kaka aliaga alfajiri kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba anakwenda Mpitimbi kuvuna mahindi. Mimi nilibaki na Mama. Nilimvisha blauzi ya kitenge cha sare ya sherehe; chini alikuwa na blanketi, juu alikuwa mama wa padre. Nikamwekea mito mitatu. Nikaweka rimoti mkononi mwake, nikamwomba asiikalie.

"Leo siikalii," alisema.

Misa ilianza vizuri. Tulimwona kitinda mimba akiitwa jina na kuitika. Mama akaitika pamoja naye, sijui kwa nini. Ikaja litania. Akalala kifudifudi kwenye zulia mbele ya altare, kanisa zima likapiga magoti, na mimi nikapiga magoti sakafuni, yangu na ya Mama. Kila mtakatifu aliyetajwa tuliitikia, utuombee, utuombee. Baada ya litania, wote tulijua, anainuka, anapiga magoti mbele ya askofu, na ni mikono.

Litania ikiwa inaishia, picha ikaruka. Tukaona mwanaume anatabasamu na brashi, anatangaza rangi ya nyumba.

Mama akabonyeza. Tukarudi kanisani, mtoto ameinuka, anatembea. Ikaruka. Brashi. Mama akabonyeza tena. Tukaona kiatu cha askofu. Ikaruka, mara hii mbele, kwenye wimbo wa watoto. Mama akarudisha, ikapitiliza kwenda mieleka.

"Kimbia," Mama akaniambia. Sijawahi kusikia sauti ile kwake.

Nilichukua rimoti, nikakimbia, ngazi nne kwa hatua mbili, hadi sebuleni. Nikachomoa betri za rimoti nikazishika mkononi ili niwe na hakika. King'amuzi kina kataa kekundu kanakokonyeza kila kinapopokea amri. Kakakonyeza. Picha ikahama. Kakakonyeza tena. Rimoti yetu iko mkononi mwangu haina betri, na mtu anaamuru.

Nikabonyeza vitufe vya king'amuzi chenyewe, nikairudisha kanisani. Ikaruka. Nikairudisha. Baadaye fundi aliniambia ningechomoa tu kale kawaya ka kijicho, mambo yote yangetulia. Baadaye. Wakati ule nilijua kitu kimoja, kwamba nikichomoa kebo Mama atabaki gizani kabisa.

Ndipo nikasikia. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa kaka. Wimbo wa watoto uliokuwa mbele yangu ulitoka pia upande wa pili. Picha ikahamia kanisani, na upande wa pili kukawa kanisani. Ng'ambo ya ukuta, kwenye nyumba ambayo mwenyewe yuko Mpitimbi anavuna mahindi.

Nilipita kageti ka katikati. Mlango wa kaka ulikuwa umerudishiwa tu. Nikausukuma. Hasira nilikuwa nayo hadi kwenye meno, lakini yule ni mkubwa wangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akajibu. Alikuwa bado amepiga magoti mbele ya televisheni, viwiko vyake kwenye stuli, ameshika rimoti kwa mikono miwili kama anakamua kitu. Alikuwa amevaa shati la kitenge cha sare ya sherehe.

"Mpitimbi ndiyo hapa?"

"Nyamaza kwanza, naitafuta."

"Iache hiyo rimoti."

"Nairudisha! Nilipiga magoti kwenye litania, kiwiko kikaigusa. Tangu hapo nairudisha, inaondoka."

"Inaondoka kwa sababu sisi nasi tunairudisha!"

Akanitazama. Nikamtazama. Tulikuwa tumevutana kama wateja wawili wanaogombea fungu moja la dagaa, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi. Akaiweka rimoti sakafuni polepole. Nikaiokota, nikabonyeza mara tatu. Kanisa likarudi na kutulia.

Kitinda mimba alikuwa ameshavishwa kasula, lile joho la padre. Anatabasamu.

"Mikono?" kaka akauliza.

"Imepita."

Hakuinuka. Mimi nikainama nyuma ya televisheni yake, kwa sababu kuna mambo siwezi kuyaacha hata siku ya msiba. Palikuwa na kiboksi ukubwa wa kipande cha sabuni, na kijicho chake, na kebo ya kijivu iliyoingilia dirishani. Nikasoma namba ya mwisho: 261. Nikatoka nje nikaifuata juu ya ukuta, ikanirudisha uani kwetu, chini ya mapaa, hadi kwenye kile kiboksi cha taa za kijani nyuma ya kabati la Mama. Namba ya mwanzo: 239.

"Kona," nikasema, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kabati.

Mama hakugeuka. Alikuwa anamwangalia mwanawe akipakwa mafuta viganjani, ila hakuwa anaona. Machozi yalikuwa mengi.

"Mama, ulijua?"

"Niliagiza."

"Uliagiza?"

"Kaka yako alisema hataiona kwa macho yake. Aliapa mbele ya watu, ataanzaje kuja kukaa hapa kitandani kwangu? Nikamwambia fundi ampelekee picha kwake. Aone peke yake, mtu asijue."

"Mtu ni mimi."

Akapangusa machozi kwa ncha ya blanketi.

"Kwa nini hukuniambia? Kebo ni yangu. Chumba kilikuwa changu. Ningekukatalia nini?"

"Usingekataa," alisema Mama. "Ungefanya biashara. Ungesema kwanza aje aombe radhi, kwanza apite mlango wa mbele, kwanza amsalimie mdogo wake kwenye simu. Ungemshusha na kumshusha mpaka aondoke." Kisha akaongeza maneno machache kwa Kingoni, lugha anayohamia akitaka mambo yaishe.

Niliketi sakafuni. Nikahesabu waliojua: Mama, fundi, kaka, na wifi, maana mtu hafungi kiboksi nyuma ya televisheni mke asikione. Wanne. Nikahesabu wasiojua. Ni mimi niliyekuwa namgeuza Mama kitandani asubuhi na jioni, kwa uangalifu mkubwa, nisije nikaligusa kabati. Kila nilipouliza habari ya kuruka kwa picha, mama yangu mzazi alinitazama usoni akasema ameikalia. Aliyosema juu ya biashara yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyoniuma zaidi. Ukidanganywa na mtu asiyekujua unaweza kucheka. Hawa walinijua kwa kipimo, wakakata kebo kulingana nacho.

Na baada ya yote, mikono hakuiona hata mmoja wetu.

Mchana simu ikalia. Kitinda mimba. Nikaiweka sauti ya juu, nikaishika karibu na mdomo wa Mama. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mara yake ya kwanza tangu kikao, kofia mkononi, anatikisa kichwa kwangu: usinitaje.

"Mama, uliniona?"

"Nilikuona, baba."

"Hata askofu aliponiwekea mikono?"

"Nilikuona. Ulifumba macho."

Upande wa pili wa simu kukawa na kelele za ngoma na vigelegele. Kisha akacheka. "Nilifumba kweli! Dada, uko hapo? Mama aliona kweli?"

Wakanitazama wote wawili, Mama na kaka, watu waliokaa wiki sita bila kuona sababu ya kunitazama.

"Aliona," nikasema.

"Mlikuwa wangapi mkiangalia?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mara zote mbili tulikuwa watatu.

"Wawili," nikasema.

Jumapili iliyofuata chaneli ikatangaza marudio ya misa ile. Nikamwambia Mama, nikijua namletea kitu kizuri. Akakataa.

"Nilishaona," alisema. "Nimemwambia mwanangu nilishaona. Nitazame tena ili iweje?"

"Lakini Mama, mimi na wewe tunajua..."

"Weka rozari."

Nikaweka rozari. Nikaweka rimoti juu ya stuli, mbali naye na mbali na mimi, nikaketi kuchambua maharage kwenye ungo. Tulikuwa kwenye fumbo la tatu picha iliporuka. Kanisa, zulia, mtoto kifudifudi, litania inaishia. Niliangalia rimoti. Hakuna aliyeigusa. Niliangalia ukuta wa kaka kupitia dirishani.

"Umeme wa fundi huo," alisema Mama, na akavuta blanketi hadi kidevuni.

Hakusema nirudishe. Sikurudisha. Kitinda mimba akainuka, akatembea, akapiga magoti. Askofu akanyoosha mikono na kuiweka kichwani pake, na hapo kanisa likanyamaza, na chumbani kwetu kukanyamaza, na ng'ambo ya ukuta kukanyamaza. Mama aliinua shingo kutoka kwenye mito, kitu ambacho daktari alikikataza.

"Kumbe kweli alifumba," akasema.

Nami niliona, ungo magotini. Halafu nikainama nikaendelea na maharage, maana nilishaelewa kwamba Mama na kaka walikuwa wamepatana, saa na dakika, kupitia lile dirisha la nyuma, na hilo nalo hakuna aliyeniambia.